Mabalungi ya Mama Mkwe

Nusu ya habari hii niliisikia kwa mwenyewe, na nusu kwa mama mkwe wake. Pale walipopingana nimemwamini mama mkwe, kwa kuwa yeye hakuwa na haya ya kusema lolote.

Mwenyewe tulimwita Jalada. Tulifanya kazi pamoja katika kiwanda cha uchapaji, mimi upande wa kukunja karatasi, yeye upande wa kujalidi vitabu. Kwa miaka kumi na minne sikuwahi kumsikia akimwambia mtu hapana. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anayekuomba radhi. Ukimletea chai iliyopoa, anaipuliza kana kwamba ni ya moto, usije ukajisikia vibaya.

Alipofika miaka hamsini na sita alianguka kazini, hatua mbili tu kutoka kwenye mashine ya kukatia karatasi. Hospitali walimpima wakasema shinikizo la damu limepanda kupita kiasi. Akapewa vidonge vya kumeza kila asubuhi, maisha yake yote, na kiwanda kikamstaafisha kabla ya wakati, maana mtu wa kuanguka-anguka hawezi kuachwa karibu na kisu chenye urefu wa mita moja. Tulimchangia saa ya ukutani. Akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru mpaka tukaona aibu.

Mke wake alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya bweni, mwendo wa saa tatu kutoka nyumbani, na alirudi Jumamosi kwa Jumamosi. Hakutaka mumewe akae peke yake, kwa hiyo akamwomba mama yake aje kukaa naye. Ndipo mama mkwe alipofika ghorofa ya tatu, mwanamke mfupi wa miaka sabini na minne, ana begi moja la nguo mkononi, na nyuma yake mwanawe wa kiume anahema chini ya gunia la mabalungi.

Mabalungi hayo yalitoka kwenye mti uliosimama nyuma ya nyumba yake ya zamani, ambako sasa mwanawe ndiye anaishi. Kabla hata ya kuvua viatu, bibi aliingia jikoni, akachagua moja, akalikata katikati, akamwekea mkwewe nusu kwenye sahani pamoja na kijiko.

"Kula, baba. Hii ndiyo dawa ya presha. Hizo tembe ni mbwembwe tu."

Jalada alikula. Alikuwa hapendi kitu chochote kichungu tangu utotoni, na balungi lile lilikuwa chungu mpaka masikio yakamsimama. Machozi yalimlengalenga.

"Tamu?" akauliza mama mkwe.

"Tamu sana, mama," akasema. "Tangu nizaliwe sijala tunda kama hili."

Basi hapo ndipo alipojifunga kamba mwenyewe. Mama mkwe hakusahau neno lile. Kila baada ya wiki mbili shemeji alipanda ngazi na gunia jingine, akalitua jikoni, akajifuta jasho na kusema, "Haya, shemeji, mzigo wako huo. Mama anasema ukikosa haya huli." Na Jalada anaitikia, "Ahsante sana, shemeji, umefanya la maana."

Jiko lenyewe lilikuwa jembamba kama ushoroba. Ukifungua friji, mlango wake unagusa jiko la gesi. Droo ya chini ya friji iliingia mabalungi kumi na mawili, hata kumi na tatu ukilazimisha, na gunia lilikuwa na themanini na kitu. Mama mkwe hakutaka hata moja lioze. Kwake kutupa balungi kulikuwa sawa na kumtupa marehemu mumewe, aliyeupanda ule mti kwa mkono wake.

Kwa hiyo Jalada, ambaye hakuwa na kazi nyingine, akawa mtunza mabalungi. Na kwa kuwa alikuwa fundi wa kweli, aliifanya kazi ile kama alivyojalidi vitabu. Kwanza aliyapima mkononi moja moja. Lililo zito kuliko umbo lake lina maji mengi na ngozi nyembamba, hilo la kukaa. Lililo jepesi ni la kuliwa wiki hiyohiyo. Aliyafuta kwa kitambaa kikavu, hakuyaosha, maana aligundua kwamba yakikaa na unyevu hata kidogo yanaota ukungu. Mifuko ya plastiki aliijaribu mara moja tu. Mabalungi yalitoka jasho humo ndani, na siku ya tano mawili yakawa yamevaa manyoya ya kijani. Baada ya hapo alikuwa anafunga kila moja kwa karatasi. Alikuwa na marundo ya karatasi za majaribio kutoka kiwandani, kurasa za vitabu vya hesabu na jiografia zilizokosewa wino, na alizikunja juu ya tunda kwa mikunjo minne, kona zikakaa sawa. Kisha akayapanga kwenye makreti chini ya kitanda, mahali penye baridi ya sakafu, yasigusane. Kila baada ya siku mbili alipiga magoti, akayavuta, akayabonyeza moja moja kutafuta lililolegea, kwa sababu likioza moja linaambukiza jirani.

Juisi aliikamua kwa chombo cha kioo. Sufuria ya alumini ilikuwa imeharibika kwa ule ukali, imefifia kama iliyopakwa majivu. Juisi iliyobaki aliigandisha kwenye vibati vya barafu. Maganda aliyachuna kwa kisu chake cha kazini, akauondoa ule utando mweupe unaoleta uchungu, akayachemsha na kumwaga maji mara tatu, ndipo akayapika na sukari mpaka yakang'aa. Majirani waliyapenda sana maganda hayo. Yeye mwenyewe alishindwa hata kuyanusa.

"Mkwe wangu ana mikono ya dhahabu," mama mkwe alikuwa anamwambia mwanawe kwenye simu, kwa sauti ya kusikika mpaka chini. "Na anavyoyapenda! Kila asubuhi glasi nzima, haachi tone."

Haachi tone, kweli, maana alikuwa anamsimamia. Saa moja kamili asubuhi anaketi mbele yake, mikono juu ya meza, anamtazama akimeza kidonge kisha akishushia juisi. Glasi ikibaki na kidole kimoja chini, anaisogeza kwa ncha ya kidole. "Malizia, baba. Uzuri wote uko chini."

Mwezi wa pili ndipo kizunguzungu kilipoanza. Akiinuka kitini, chumba kinamzunguka. Jioni miguu inavimba, soksi zinamwachia alama kama pete. Uso unamwaka bila sababu. Siku moja alikuwa anashuka ngazi kwenda kupunga upepo, miguu ikamwisha nguvu, akateleza ngazi sita na kuchubuka mkono wote.

Alikwenda kliniki. Nesi akampima, akafurahi. "Presha imeshuka vizuri kabisa. Unakula vizuri?"

"Nakula. Matunda mengi."

"Safi sana. Endelea hivyohivyo."

Hakuna aliyeuliza matunda gani, na Jalada hakuwa mtu wa kumpotezea nesi muda wakati nyuma yake kuna foleni.

Aliporudi, mama mkwe alikuwa amekwisha kuamua. Mlango wao ulikuwa na geti la chuma kwa nje, la nondo. Bibi alilifunga kwa kufuli, na ufunguo akautia kwenye kamba ya kiatu na kuivaa shingoni, ndani ya blauzi.

"Hutoki peke yako tena," akasema. "Sikufungi kwa ubaya."

Kisha akamweleza jambo ambalo Jalada alikuwa analijua kwa juujuu tu. Mume wa bibi huyu alianguka barabarani, asubuhi ya saa tatu, akienda kununua misumari. Watu walidhani amelewa. Walimkwepa. Wengine waliruka miguu yake. Aliokotwa saa nane mchana, na hakuna aliyeweza kusema alikufa saa ngapi. Bibi wakati huo alikuwa nyumbani, anamlaumu kwa kuchelewa.

"Wewe hutafia barabarani," akasema. "Mimi nikiwa hai, huli vumbi la watu."

Jalada alisema, "Ahsante, mama," akaenda kubonyeza mabalungi.

Alikaa ndani wiki saba. Aliniambia kwamba alifika mahali akawa anazijua hatua za majirani wote kwa mlio wa viatu kwenye ngazi. Alisimama nyuma ya nondo, mtu akipita anamsalimu, naye anajibu, "Nipo, nipo," kama vile amesimama pale kwa hiari yake. Kwenye dirisha la jikoni ilionekana pembe ya barabara, duka la vifaa vya umeme na kipande cha ukuta wa rangi ya samawati. Siku walipoupaka ukuta ule rangi upya, alisimama dirishani kutwa nzima. Jumamosi mkewe alipokuja, lile geti lilifunguliwa na nyumba ikachangamka, lakini alikuwa na madaftari ya kusahihisha na nguo za kufua, na mama yake alikuwa amekwisha kumpa ripoti: hajambo, anakula, anakunywa juisi yake. Mke alimshika mumewe shavu. "Unaonekana umechoka," akasema.

"Ni joto tu," akajibu Jalada.

Kadiri kizunguzungu kilivyozidi ndivyo bibi alivyokaza kamba. Alihamisha kiti kutoka kibarazani, asije akaanguka chini. Alianza kumsindikiza mpaka mlango wa choo. Na glasi ya juisi akaibadilisha, akachukua ile kubwa ya maji.

Siku moja ya Jumanne bibi alishuka kwa jirani wa ghorofa ya pili, akafunga geti nyuma yake kama kawaida. Jalada alibaki mezani na kasha jipya la vidonge. Hakuwa na haja ya kulisoma. Kilichomvutia ni ile karatasi ya maelezo iliyomo ndani, nyembamba kama ngozi ya kitunguu, iliyokunjwa mara nane bila kuchanika. Kazi nzuri, akawaza. Akaikunjua taratibu kwa kucha ili aone mashine iliikunja kwa mpangilio gani, akailaza juu ya meza, akainyoosha kwa kiganja. Herufi zilikuwa ndogo kama siafu. Akavaa miwani. Na pale katikati, chini ya kichwa cha habari kuhusu vyakula, akasoma kwamba mgonjwa asile balungi wala kunywa juisi yake katika kipindi chote anachotumia dawa hii, kwa sababu balungi huifanya dawa ijae mwilini kupita kiasi, na dalili zake ni kizunguzungu, kuvimba miguu, uso kuwaka, kuzimia.

Alisoma mara tatu. Akatazama miguu yake. Akatazama droo ya friji.

Mtu mwingine yeyote angesubiri bibi arudi, amwonyeshe karatasi, mambo yaishe. Nilimwambia hivyo Jalada aliponisimulia. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa aruke dirishani.

"Nimwambie nini?" akasema. "Kwamba miezi yote hii ananipa sumu kwa mkono wake? Mwanamke aliyempoteza mumewe vile? Na kwamba siku ile ya kwanza nilimdanganya?"

Basi akakaa na lile jambo kifuani. Juisi hakuweza kuiacha, kwa kuwa bibi alikuwa anakaa mbele yake mpaka glasi iwe tupu. Alichoweza kukiacha ni kidonge. Asubuhi iliyofuata alikitia mdomoni, akakificha chini ya ulimi, akanywa juisi, kisha akaenda kukitema chooni. Alijua ni ujinga. Alijua vizuri kabisa. Lakini ujinga ule haukuhitaji maneno.

Na kibaya zaidi ni kwamba alipata nafuu. Siku ya tatu kizunguzungu kikakoma, miguu ikanywea, akawa anainuka bila kushika meza. Bibi alipiga makofi.

"Umeona? Nilisema! Sasa tunaongeza. Glasi asubuhi, glasi jioni."

"Ndiyo, mama."

Siku ya saba kichwa kikaanza kumgonga kisogoni. Siku ya tisa macho yakawa yanaona vitu viwili viwili. Akawaza kumpigia mkewe simu, akaishika, akaiweka: sasa hivi yuko darasani. Siku ya kumi, saa sita mchana, alikuwa amepiga magoti anavuta kreti kutoka chini ya kitanda, damu ikaanza kumtoka puani. Haikuwa ya matone. Ilitoka kama maji ya bomba, ikalowesha zile karatasi za jiografia, na alipojaribu kuinuka mkono wa kushoto ukakataa kumsikiliza.

"Mama," akaita. Aliona haya hata wakati huo, akaita kwa sauti ndogo. "Mama, samahani."

Bibi aliingia, akaona. Hakupiga kelele. Alikimbia mlangoni, akautoa ufunguo kifuani, na ndipo mikono yake ikamsaliti. Ilitetemeka. Ufunguo ukagonga kufuli juu, chini, pembeni, haukuingia. Kamba ilikuwa fupi, ikamlazimu kuinama shingo, na akiinama haoni. Yeye mwenyewe aliniambia kwamba katika dakika ile alimwona mumewe, miguu yake njiani na watu wakiiruka, na safari hii aliyewazuia wasaidizi ni yeye. Akashika nondo akalia, "Jamani! Njooni! Nimemfungia mtu!"

Aliyefika wa kwanza ni fundi wa kuchomelea vyuma wa ghorofa ya chini, mkubwa wa kifua, kofia bado kichwani. Akapitisha mkono kati ya nondo.

"Nipe mimi, mama. Legeza kamba. Legeza tu."

Akauchomoa ufunguo kwenye kamba, akafungua mara moja. Akamkalisha Jalada kwenye kiti cha jikoni, akamwinamisha kichwa mbele, akambeba na kiti chake ghorofa zote tatu mpaka chini, huku bibi anafuata nyuma na taulo.

Kliniki walimdunga sindano, wakamlaza, wakamziba pua. Baada ya saa moja mkono ulianza kurudi. Daktari alikuwa binti mdogo mwenye sauti ya upole.

"Dawa anameza?" akauliza.

"Kila siku, mbele ya macho yangu," akasema bibi. "Na juisi ya balungi glasi mbili. Safi, hakuna maji."

Daktari aliacha kuandika. "Balungi? Na dawa hii?" Akageuka. "Mzee, ulikuwa unasikia kizunguzungu?"

"Nilikuwa nasikia."

"Kilikoma lini?"

Jalada alitazama dari. Hapakuwa na mahali pengine pa kutazama. "Nilipoacha vidonge," akasema.

Binti yule akawaeleza wote wawili, taratibu, bila kumlaumu mtu: balungi na dawa ile havikai pamoja, alipaswa kuacha balungi, siyo dawa, na kidogo tu angepooza. Akawaandikia, akatoka. Walibaki wawili, kitanda na kiti.

Kamba ya kiatu ilikuwa bado shingoni mwa bibi, ufunguo haupo.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua, mama."

"Tangu lini?"

"Siku kumi."

"Ukaona bora ufe."

"Sikuona hivyo, mama. Niliona..." Akatafuta neno. "Niliona utaumia."

"Nitaumia!" Bibi aliinuka, akaketi tena. "Na ningekuzika nisiumie? Mimi ni mtu wa kutisha kiasi hicho? Nina meno? Mtu anakaa na mimi meza moja asubuhi na jioni, ananitabasamia, ananiita mama, na moyoni anaona afadhali jeneza kuliko kuniambia neno moja!"

Jalada alikuwa analia. Alisema, "Na siyo matamu."

"Nini?"

"Mabalungi. Siyapendi. Tangu siku ya kwanza."

Bibi akafanya kitu ambacho Jalada hakukitegemea: akajifunika uso kwa lile taulo la damu, mabega yakatikisika, na Jalada hakujua kama anacheka au analia. Mimi nilipomuuliza bibi mwenyewe, alisema, "Vyote. Kwa nini nichague?"

Jioni ile alimpigia mwanawe simu. "Usilete tena gunia. Mkwe hapendi." Halafu akasikiliza. "Ndiyo, hapendi. Hakupenda hata siku moja. Wapelekee shuleni kwa dada yako." Ndivyo ilivyokwisha, simu ya nusu dakika.

Lakini nisikudanganye kwamba mtu alibadilika siku moja. Mke aliporudi Jumamosi aligombana na wote wawili, akatoa kufuli lile akalitupa, akampa kila mmoja ufunguo wake wa mlango wa mbao. Hata hivyo mama mkwe hakuondoka, kwa kuwa hakuwa na pa kwenda ambapo angependa kuwa, na sasa alichukua usimamizi wa vidonge. Saa moja kamili alisimama mbele ya Jalada na maji matupu. "Fungua mdomo. Inua ulimi. Geuka kulia." Mtu wa miaka hamsini na saba anageuka kulia. Na kwa kuwa daktari alisema atembee, alitembezwa, saa kumi kila siku, bibi ubavuni na mwavuli, hatua zake fupi, na Jalada akizikata za kwake ili zilingane. Nilikutana nao hivyo, karibu na duka la vifaa vya umeme. Bibi alinisimulia yote palepale, mbele za watu. "Huyu bwana alitaka kufa kwa adabu," akasema. Jalada alitazama viatu vyake.

Wiki chache baadaye nilimtembelea. Bibi alituletea chai. Jalada alionja, akaweka kikombe.

"Mama," akasema. "Sukari imezidi."

Bibi alisimama na sinia mkononi. Mimi nikataka kusema kwamba kwangu iko sawa. Kisha bibi akakichukua kikombe, akaenda jikoni, tukasikia chai inamwagwa.

"Umefanya vizuri," nikamnong'oneza.

"Nyamaza," akasema Jalada, jasho limemtoka. "Anarudi."